Watoto wamefika Igoma

Kikundi: FAMILIA YA BIBI (Mwanza, Bukoba, Dar)

Jumamosi

Koku: Shikamooni wazee wote. Tumerudi salama kutoka Igoma mimi na watoto. Tulipandia Buzuruga, tukashuka Igoma, tukaenda mpaka kwenye mnara wa MV Bukoba na makaburi yake. Tulikaa sana kuliko nilivyopanga, maana maswali hayakuisha.

Koku: [picha]

Mama Asimwe: Asante mno Koku. Huyu wangu tangu aingie ndani hajanyamaza. Ameniuliza kwa nini mimi sijawahi kumpeleka.

Shangazi Bukoba: Marahaba. Lakini Koku, nina neno. Mtoto wa darasa la tatu unampeleka makaburini kufanya nini? Usiku si ataweweseka?

Koku: Nakuelewa Shangazi. Ila wao ndio walioanza. Daladala ya Kisesa inapita pale, kila wakienda kwa mama mkubwa wanaona watu wanaonyeshana kwa vidole. Asimwe aliniuliza ni makaburi ya vita gani. Nikaona bora tushuke, nimweleze tukiwa pale pale, kuliko aokoteze maneno ya kwenye kiti cha nyuma.

Shangazi Bukoba: Na ulimweleza nini?

Koku: Nilichokijua. Kwamba ilikuwa meli ya abiria ya kutoka Bukoba kuja Mwanza, ikazama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika, na kwamba Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo nchi nzima. Wakataka kujua meli kubwa vile inazamaje bila dhoruba. Hapo ndipo namhitaji Baba Mdogo.

Deo Dar: Baba Mdogo yuko mtandaoni naona, anaandika tangu saa nane 😊

Baba Mdogo Kirumba: Naandika polepole, macho haya. Nisubirini.

Baba Mdogo Kirumba: Waambieni watoto hivi. Mwaka ule nilikuwa nabeba mizigo bandari ya Mwanza Kaskazini, kwa hiyo meli hiyo naijua. Ilianza kazi mwaka 1979. Abiria wake kwa kipimo walikuwa 430. Ilitoka Bukoba jioni ya Jumatatu, ikapitia Kemondo, ikasafiri usiku. Sisi tulikuwa tunaisubiri asubuhi ya Jumanne kama siku zote: ndizi za watu zinakuja, wenye mikokoteni wamejipanga, akina mama wa sokoni wamekaa kwenye ndoo. Muda ambao abiria wa safari ile huwa wanaamka na kufunga virago ndio muda ambao meli ililala upande, ikapinduka. Habari ilifika bandarini kabla ya jua kuwa kali. Hakuna aliyeamini.

Baba Mdogo Kirumba: Dhoruba haihitajiki. Meli ikijazwa kupita kiasi, na watu na mizigo vikapanda juu badala ya kukaa chini, uzito wake wote unahamia juu. Ikiinama kidogo, badala ya kujirudisha inaendelea kuinama. Tena watu wakiona inainama wanakimbilia upande wa pili, wakati mwingine wote kwa pamoja, na hapo wanaimaliza. Hii ndiyo nataka waielewe. Wasiseme ziwa lilikasirika. Ziwa halikuwa na neno na mtu.

Mama Asimwe: Asimwe anauliza walikuwa wangapi.

Shangazi Bukoba: Sisi huku tunasema elfu. Hakuna kijiji cha Bukoba ambacho hakikuweka turubai wiki ile. Kwetu kulikuwa na misiba nyumba tatu zinazofuatana, ukimaliza kulia huku unahamia huku.

Koku: Idadi inayotajwa rasmi ni 894, Shangazi.

Shangazi Bukoba: Na waliohesabu walihesabu nini? Wale ambao hawakuwa na tiketi?

Deo Dar: Shangazi yuko sahihi hapo. Orodha ya majina ilikuwepo kwa daraja la kwanza na la pili, watu 443. Hao peke yao walishazidi kipimo cha meli nzima. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema mia nane na mwingine anasema elfu, usidhani mmoja anatia chumvi. Waliopanda hawakuandikwa, basi waliokufa wakawa hawahesabiki. Hata tume iliyoundwa baadaye, ile ya Jaji Robert Kisanga, haikuwa na daftari la kufungua likaonyesha nani alikuwa chini kule.

Mama Asimwe: Mungu wangu.

Koku: Daraja la tatu ndilo la watu wetu. Ndilo la bei rahisi.

Baba Mdogo Kirumba: Sasa nije kwenye lile gumu. Nimefikiri kama niliweke hapa au niache. Naliweka, kwa sababu wakikua watalisikia vibaya.

Baba Mdogo Kirumba: Meli ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilikaa juu ya maji, tumbo likiwa juu. Ndani kulikuwa na watu hai, na walikuwa wanagonga chuma. Waokoaji walisikia. Wakatoboa bati la meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imebanwa ndani ikatoka kwa nguvu, maji yakapanda nafasi yake, na meli ikazama nao. Koku, chukua kikombe, kigeuze, kididimize kwenye beseni la maji mdomo ukiwa chini. Utaona ndani kinabaki kikavu. Ukikitoboa kitako, basi. Waonyeshe wataelewa bila maneno mengi.

Koku: Ninafanya sasa hivi Baba Mdogo.

Shangazi Bukoba: Miaka yote hii mimi nilidhani ni maneno ya watu tu.

Baba Mdogo Kirumba: Si maneno ya watu. Na waliotoboa wasitukanwe mbele ya watoto. Walisikia watu wanagonga, nani angekaa tu? Lililokosekana ni vifaa na mtu wa kuwaambia wangoje. Wapiga mbizi wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja baadaye, lakini hao walikuja kutoa miili.

Koku: Nimefanya kwenye beseni la kufulia. Wamekaa kimya, halafu mdogo wake Asimwe akauliza: sasa ingekuwaje kama wangeacha bila kutoboa?

Deo Dar: Mjibu kwa habari ya MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha kutoka Bugolora kwenda Ukara. Kipimo chake abiria 101, siku hiyo ilikuwa ya gulio, wakapanda watu tele pamoja na magunia. Kikapinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya Ukara. Walikufa watu 228. Lakini mhandisi wake alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye, kwa sababu alikuwa kwenye chumba chenye hewa iliyobaki ndani. Siku mbili! Ndiyo maana nikiwaza wale wa 1996 waliokuwa wanagonga, moyo unauma upya.

Mama Asimwe: Kumbe miaka 22 ilipita na tukarudi kule kule. Mnazidisha, hamhesabu, mnazika kwa pamoja.

Baba Mdogo Kirumba: Ndiyo sababu nimeandika yote haya na macho yangu haya. Hawa watoto watasafiri. Huwezi kukaa Mwanza usipande chombo: Ukerewe, Kome, Kamanga, Bukoba. Mtoto anayejua kwa nini meli ilipinduka, akiona watu wanazidi atamshika mama yake mkono washuke. Asiyejua ataambiwa "sogeeni sogeeni nafasi ipo" na atasogea.

Shangazi Bukoba: Sawa, nimekubali kwa hilo. Ila nilitaka waambiwe wakiwa wakubwa kidogo.

Bibi (anaandikiwa na Asimwe): Hamjambo wanangu. Asimwe amenisomea yote tangu juu. Msigombane na shangazi yenu, mwaka ule alikuwa msichana na nyumba nzima ilikuwa inalia mbele yake, ana haki ya kuogopa. Lakini watoto wasifichwe. Mdogo wangu alikuwa kwenye meli ile. Alipanda Kemondo, daraja la tatu. Hakuandikwa popote. Tulijua amepanda kwa sababu aliyemsindikiza alimwona akipanda, akampungia mkono. Bila huyo msindikizaji mpaka leo tungekuwa tunasema labda alikwenda Uganda.

Bibi (anaandikiwa na Asimwe): Nilikwenda uwanja wa Nyamagana, ndiko miili ilikokuwa inalazwa watu watambue ndugu zao. Nikaenda, nikarudi tena. Sikumwona. Waliotambuliwa wengi walisafirishwa kwao, ambao hawakutambuliwa wakazikwa pamoja Igoma. Na wengine hawakutoka majini kabisa. Mimi nimeshaamua kwamba ndugu yangu yuko Igoma. Hilo ni langu, msinibishie.

Baba Mdogo Kirumba: Hakuna wa kukubishia Mama.

Shangazi Bukoba: Hakuna Mama.

Koku: Bibi sikujua kwamba ulikwenda Nyamagana. Nimekaa na wewe miaka yote hii.

Bibi (anaandikiwa na Asimwe): Hukuuliza mjukuu wangu, na mimi nilikuwa sitaki kuulizwa. Sasa nataka. Mimi sijafika pale tangu walipojenga ule mnara. Nipelekeni.

Mama Asimwe: Asimwe anauliza babu huyo alikuwa anaitwa nani. Yuko na simu mkononi, ameshindwa kukuuliza mwenyewe.

Bibi (anaandikiwa na Asimwe): Nitamtamkia tukiwa pale, amsikie kwa mdomo wangu. Si kwenye simu.

Deo Dar: Tungoje tarehe 21 Mei? Kila mwaka kunakuwa na ibada pale, viongozi wa dini wanakuja, na serikali.

Bibi (anaandikiwa na Asimwe): Siku hiyo kuna viti vya wakubwa na hotuba. Mimi nataka kukaa nisimame nikitaka. Jumapili ijayo baada ya misa ya kwanza.

Baba Mdogo Kirumba: Imepita. Mama hapandi daladala, nitaongea na kijana wangu mwenye Noah. Mafuta tuchangiane, nitumieni kwenye namba yangu ile ile.

Koku: Mimi natoa. Nitabeba na mkeka na maji, kivuli pale si kingi.

Mama Asimwe: Na mimi. Maua nitachukua Makoroboi asubuhi.

Shangazi Bukoba: Ngojeni, msinipange nje. Nakuja. Napanda New Victoria, nitafika mapema. Na niseme jambo ambalo sijawahi kuwaambia. Kila nikikata tiketi ya meli nasimama dirishani mpaka nione karani ameandika majina yangu yote mawili, na nayasoma mwenyewe kwa kurudia. Wanaona nachelewesha foleni, wananiguna. Sababu ni mjomba. Sikutaka kuisema maana nilihisi nikiisema nitashindwa kupanda tena.

Koku: Pole Shangazi.

Shangazi Bukoba: Nimeshapoa. Nani atanipokea bandarini?

Deo Dar: Mimi naomba mnipigie simu ya picha mkifika, nimsikie Bibi anavyomtaja.

Baba Mdogo Kirumba: Nitakupokea mimi dada. Usibebe ndizi nyingi, gari limejaa watu.

Shangazi Bukoba: Mkungu mmoja tu, wa Mama.