Ziara ya skuta Chianti: niendeshe mwenyewe au nikae nyuma?

Mama_Safari: Wakuu, habari za leo. Septemba mimi na mume wangu tutakuwa Florence, Italia. Tumeona safari ya siku moja ya skuta za Vespa kwenye mashamba ya mizabibu ya Chianti. Mnaongozwa na mwenyeji, mnapita miji midogo ya Greve na Panzano, mnasimama kuonja mvinyo, jioni mnarudi. Mume wangu yuko kwenye pikipiki tangu ujana. Mimi ni gari tu, na leseni ni ya gari. Natamani mno kuendesha mwenyewe, ila nikifikiria vile vilima na kona naingiwa na hofu. Hili la kuonja mvinyo halafu mnarudi barabarani nalo linaninyima usingizi. Aliyefika naomba anisaidie.

Njia_Panda: Dada, mimi nilianguka hukohuko. Ile barabara kubwa ya Florence hadi Siena, SR222, wenyewe wanaiita Chiantigiana, ni lami safi, kona nyingi lakini unazizoea. Balaa ni mkiacha lami kuingia mashambani. Kuna njia za kokoto nyeupe, strade bianche. Nilikuwa wa tatu kwenye msafara, wa mbele akapunguza ghafla, nami nikabana breki ya mbele kwa nguvu. Tairi liliteleza kama limepakwa sabuni. Kiwiko kikachubuka, suruali ikachanika gotini, vumbi jeupe mpaka mdomoni. Tulifundishwa dakika kumi tu uwanjani. Uliza kabla hujalipa: mafunzo ni ya muda gani, na mnapita kokoto umbali gani? Na ukifika penye kokoto, punguza mwendo mapema, ukiwa bado umenyooka.

Mzee wa Ramani: Suala la leseni usilichukulie juujuu. Skuta nyingi za ziara hizo zina injini ya cc 125. Kama leseni yako si ya Umoja wa Ulaya, beba na kibali cha kimataifa cha udereva, na leseni yenyewe iwepo. Waandikie uwaulize kama leseni ya gari inatosha, wakujibu kwa maandishi. Ukipata ajali bila daraja la leseni linalotakiwa, bima inaweza kukukana.

Zabibu Kavu: Kuhusu mvinyo, sheria ya Italia ni mwisho gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na ambaye hajafikisha miaka 3 tangu apate leseni ni sifuri kabisa. Chianti Classico, mvinyo mwekundu wa huko, si kinywaji cha kuchezea: kilevi chake huanzia asilimia 12. Dereva asionje, au aonje na kutema. Kutema ni kawaida, hakuna atakayeona umemdharau. Nunueni chupa yenye nembo ya jogoo mweusi, ndiyo alama ya Chianti Classico, mkafungue usiku. Halafu Septemba ni mavuno, mtakutana na matrekta yamejaa zabibu.

Mama_Safari: Asanteni sana ndugu zangu. Niliwaandikia, wamejibu leo: leseni yangu hawaipokei kwa cc 125. Iliniuma, nilishajiona kwenye usukani. Basi nakaa nyuma. Mume wangu amesema hatagusa glasi mpaka funguo zirudishwe.

Njia_Panda: Mpe pongezi. Nawe uonje kidogo tu, dada. Kwenye kona abiria anatakiwa ainame pamoja na dereva, ukisinzia unamvuta upande.