Naomba ushauri: biashara ya mabuyu na achari imenizidi nguvu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Natengeneza mabuyu na achari ya maembe nyumbani, Kibokoni, Mombasa, nikisaidiwa na dada yangu. Wateja huagiza kwa WhatsApp, hulipa kwa M-Pesa, nami humpa kijana wa bodaboda apeleke Nyali au Bamburi. Wa Likoni ndio shida, foleni ya feri huchelewesha mzigo.

Sasa kuna maduka Nairobi yanataka mzigo, na kabla ya yote yanauliza alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kupika simwachii mtu, maana ladha ndiyo inayowarudisha wateja. Lakini kupakia, kubandika lebo na kusafirisha naona naweza kuwapa watu wa nje. Je, mpakiaji hulipwa kwa pakiti au kwa siku? Na nimfunge kwa mkataba gani asije akanichukulia wateja? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Halafu matangazo. Kuna anayetaka mshahara wa kila mwezi aniendeshee Instagram. Mimi naona heri pesa hiyo nigawe vionjo soko la Marikiti kabla ya Ramadhani. Mliopitia haya, nielekezeni tafadhali.