Namtilia maji ya udhu jirani yangu Mwislamu, nimekosea?

Mama Pendo, Malindi
Hamjambo wapendwa. Mie naishi Kisumu Ndogo, nasali kanisa la kipentekoste. Jirani yangu ni bibi wa Kiislamu, alianguka bafuni kwenye Ramadhani akavunjika nyonga, na bintiye wa pekee yuko Saudia kwa kazi za nyumbani. Basi asubuhi kabla sijaenda sokoni napita kwake namjazia mtungi, namgeuza asipate vidonda vya mgongo, namkorogea uji. Sasa bibi hakosi kuswali hata alivo kitandani, kwa hivo mie ndo nashika birika na beseni, yeye anaosha mikono, anasukutua, anaosha uso, akifika miguuni mkono haufiki, namwosha mimi. Juzi mzee mmoja wa kanisa alinikuta akaniambia nasaidia ibada isiyo yetu, na kama miezi hii yote sijamtajia Yesu basi ni kazi bure. Sina raha kabisa. Na tangu Shakahola mwaka 2023, wale waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wakafa msituni, ukisikika mlokole hapa mjini watu wakutazama vibaya, mwanzo hata mpwa wa bibi alikuwa akisimama mlangoni kunichunga. Nishaurini.

Mkulima wa Hindi, Lamu
Dada usiache. Mimi Mkristo, wazee wangu walikuja Mpeketoni na ile skimu ya mashamba ya Ziwa Kenyatta miaka ya 70. Juni 2014 tulipovamiwa usiku watu wakitazama Kombe la Dunia waliuawa kama 60 kwa siku mbili, na baada ya hapo ikawa kafyu na kuogopana tu, Mbajuni, yaani Mwislamu wa pwani ya huku, akimwona mtu wa bara anageuza njia na sisi vilevile. Mikutano ya amani ilifanyika mingi sikatai. Lakini mamangu alianza kulala vizuri siku mvuvi aliyekuwa akimuuzia samaki aliporudi mlangoni na kapu lake, akakaa kwenye kigoda, akamuuliza umeamkaje, wakalia wote wawili. Mpaka leo mama anamwombea.

Katekista
Mzee wako nae hajakosa yote, ukimya wakati mwingine ni woga. Ila mtu asiyeweza kujigeuza kitandani hawezi kuondoka ukianza kumhubiria, na ukimhubiria hapo huku maji yake yako mkononi mwako umemfungia njia. Akikuuliza kwa nini wafanya haya, mjibu bila kuficha. Yule Msamaria wa Luka 10 alisafisha vidonda, akampandisha majeruhi kwenye mnyama wake, akalipa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni akaahidi kurudi, na hakuna pahali tunasoma alimuuliza anaabudu wapi, na Wayahudi na Wasamaria walikuwa wakigombana hasa juu ya pa kuabudia! Tena Bwana mwenyewe alijifunga kitambaa akaosha miguu ya watu. Mzee asome tena Yohana 13.

Abu Swabra
Mie Mwislamu wa hapahapa Malindi. Mgonjwa asiyejiweza anaruhusiwa kusaidiwa kutawadha, na maji yakimdhuru kuna kutayamamu, yaani kujipangusa kwa udongo safi badala ya maji, mwambie mpwawe amuulize ustadhi. Anzia mguu wa kulia, mpaka kwenye vifundo. Na akikukaribisha kula, kula dadangu, usiseme nimeshiba, kwetu ukitoa tu bila kupokea mtu ahisi wamwona maskini. Wakati wa Shakahola tulipeleka chai hospitali kwa wale waliokuja kutafuta jamaa zao kwenye dawati la Msalaba Mwekundu, wengi walikuwa Wakristo kutoka mbali, mmoja aliishika ile glasi mpaka ikapoa hajainywa. Hatukuwa na la kumwambia, tulikaa nae tu.

Mama Pendo, Malindi
Asanteni sana, nimesoma nikilia. Jana bibi aliniuliza mwenyewe, "Wewe mwanangu, usiku waniombea?" Nikamwambia ndio bibi, kila usiku, kwa jina la Yesu. Akanyamaza kitambo, akasema usiache, nami nakuombea. Kisha akanipa mahamri mawili nikale na watoto. Mpwa siku hizi mtungi anajaza yeye. Mzee wa kanisa sijaongea nae bado, nitamwendea Jumapili. Sasa daktari asema aanze kusimama kidogo kidogo, kuna anayejua pa kupata fremu ya kutembelea hata iliyotumika, hapa ama Watamu?