Mwenye nyumba anapaka rangi juu ya ukungu, kisha lawama ananitupia mimi

Ndugu wapangaji wenzangu, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Huu ni mwezi wa saba ninaishi katika nyumba ambayo ukuta mmoja wa chumba cha kulala haujawahi kukauka, na kila ninapolalamika ninapewa jibu lilelile: "Fungua madirisha."

Madirisha ninayafungua, asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi. Sufuria ninazifunika ninapopika, nguo ninazianika nje, na kabati nimelisogeza mbali na ukuta ili hewa ipite. Hata hivyo, wiki iliyopita nilipolivuta kabati hilo, ubao wake wa nyuma ulikuwa umelainika hadi kidole kikazama, na viatu vya shule vya mwanangu, ambavyo havijavaliwa tangu likizo ianze, vilikuwa vimeota manyoya ya kijani mpaka ndani. Mtoto mwenyewe anakohoa usiku kucha, lakini akilala kwa bibi yake siku mbili tatu kikohozi kinatulia.

Ninafahamu kwamba unyevu mwingine tunausababisha sisi tunaoishi ndani, kwa kuwa mvuke wa kupika na kuoga ukikutana na ukuta wa baridi hugeuka maji. Lakini unyevu wa namna hiyo kwa kawaida huanzia kwenye pembe, kandokando ya madirisha na nyuma ya makabati yaliyobanana na ukuta. Doa langu lilianzia katikati ya ukuta, kimo cha goti, mahali ambapo upande wa pili kuna bafu la jirani, na liliendelea kupanuka hata wiki ambayo hatukuwepo nyumbani. Nilibandika kipande cha nailoni juu yake, nikaziba kingo zote nne kwa selotepu na kukiacha kwa siku mbili. Upande wa chumbani ulibaki mkavu, ila upande uliogusana na ukuta ulijaa matone. Maji yanatoka ndani ya ukuta! Nilimtumia mwenye nyumba picha, naye akaahidi kuleta fundi.

Fundi aliyeletwa ni fundi rangi. Aliufuta ukungu kwa kitambaa kikavu, jambo ambalo husambaza vijimbegu vyake hewani, huku godoro letu likiwa wazi palepale, kisha akapaka rangi nyeupe mikono miwili na kuondoka. Hazikupita wiki tatu rangi ikavimba malengelenge. Nilipopasua moja kwa ukucha yalitoka maji, na plasta iliyokuwa chini yake, nyeusi tii, ikamomonyoka mkononi mwangu. Sasa nimeandikiwa kwamba gharama ya rangi hiyo itakatwa kwenye amana yangu kwa sababu "mpangaji ndiye chanzo cha unyevu", ilhali kodi sijawahi kuichelewesha hata mwezi mmoja.

Ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 tangu kitu kilowe, kwa hiyo bomba likiendelea kuvuja hakuna dawa wala rangi itakayoushinda. Si jambo la urembo wa nyumba pia: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unahusisha unyevu na ukungu wa ndani ya nyumba na pumu pamoja na matatizo ya kupumua. Ninachodai ni kwamba aletwe fundi bomba, ukuta uvunjwe, palipovuja pazibwe, plasta iliyooza ibanduliwe na ukuta uachwe ukauke kabisa kabla ya mtu kugusa brashi.

Leo nimempelekea barua yenye picha zote na tarehe zake, nikimpa siku 14. Kwa aliyewahi kupigania amana yake katika hali kama hii: je, ripoti ya maandishi ya fundi bomba niliyemtafuta mwenyewe ilikubaliwa kuwa ushahidi, au ulilazimika kumleta mkaguzi wa nyumba?