Alama za majaribio zimekwama na zimebaki wiki 10 kabla ya INBDE: nisome tena au niahirishe?

Gego la Mwisho
Wakuu, salaam. Mimi ni daktari wa meno niliyesomea nje ya Marekani, na ninajiandaa kwa INBDE, mtihani wa leseni wa huko ambao ulianza kutolewa mwaka 2020 ukichanganya sayansi za msingi na tiba. Muhtasari nimeusoma wote mara mbili na kuupigia mstari karibu kila ukurasa, lakini wiki ya nne sasa kila nikijipima ninapata kati ya asilimia 58 na 61. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nikifungua majibu ninakuta mengi niliyoyakosa nilikuwa ninayajua. Je, nisome kwa mara ya tatu, au nisogeze tarehe?

Msomaji wa Usiku
Mkuu, usisome mara ya tatu. Mimi nilifeli awamu ya kwanza kwa sababu hiyohiyo, maana macho yakishauzoea ukurasa humdanganya mtu kwamba ameuelewa. Tuwekee hapa swali moja ulilokosa, pamoja na njia uliyopita hadi ukafika kwenye jibu lako.

Gego la Mwisho
Mtoto ana kilo 20 na anachomwa ganzi ya lidokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini, katriji moja (kichupa cha ganzi) ikiwa na mililita 1.8, na kikomo ni miligramu 4.4 kwa kila kilo. Swali lilitaka idadi ya katriji nzima asizopaswa kuzidishiwa. Nilichagua 4.

Msomaji wa Usiku
Kikomo cha miligramu 88 ulikipata sawasawa. Ukakigawa kwa 20, ambazo ni miligramu za kila mililita, ukapata 4.4, kisha mililita hizo ukazihesabu kuwa katriji. Katriji moja ina miligramu 36, kwa hiyo jibu ni 2, na kwa katriji zako 4 mtoto angepokea miligramu 144. Hapo hakuna sura ya kurudia kusoma! Fungua daftari la makosa, na kila kosa uliandikie sababu yake kwa maneno yako: sikujua, nilijua nikachanganya, au sikulisoma swali hadi mwisho.

Daftari Jekundu
Ninaunga mkono daftari (jina langu linanishuhudia), ila ningependa kujua unajipima namna gani, kwa sababu maswali 20 ya usiku kabla ya kulala hayafanani hata kidogo na siku ya kwanza ya INBDE yenye maswali 360, ikifuatwa na siku nyingine ya maswali 140. Tenga siku moja kila wiki ukae saa nyingi mfululizo, saa ikihesabu, simu ikiwa chumba kingine. Nilijifunza hilo nilipokuwa ninaomba nafasi ya masomo kwa DAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya udaktari wa meno, ambako sehemu ya maumbo ina maswali 90 kwa dakika 60: nyumbani bila saa nilikuwa hodari, lakini kwa sekunde 40 kila swali nikawa mtu mwingine. Tarehe usiiguse kwanza.

Gego la Mwisho
Ninawashukuru, ndugu zangu. Nimerudia makosa 40 ya jaribio la mwisho: nisiyoyajua kabisa ni 9, niliyochanganya ni 22, na 9 yaliyobaki sikuliona neno «isipokuwa». Jumamosi ninaanza kukaa saa nane.