Brashi ya kunyolea ya sintetiki imekuwa ngumu na inanuka: niisafisheje?

Mkazi wa Tanga

Ndugu zangu, salaam. Nina brashi ya kunyolea ya nyuzi za sintetiki ambayo nimeitumia karibu kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Niliichagua ya aina hii kwa makusudi, kwa sababu brashi nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, nami kama Mwislamu sikutaka kubaki na shaka kila ninapoipitisha usoni.

Mwanzoni ilikuwa laini kama pamba, na povu lilijaa kibakuli mara moja. Sasa nyuzi zimeshikana vishungi vishungi, povu limekuwa jepesi na linakauka shavuni kabla sijamaliza upande mmoja, na nikiisogeza puani nasikia uvundo kama wa tambara la kudekia lililosahauliwa ndooni. Nikizitenganisha nyuzi kwa vidole gumba naona pete nyeupe pale zinapoingia kwenye mpini, mfano wa ukoko unaoganda ndani ya birika letu, maana maji tunayotumia ni ya kisima.

Kabla ya kunyoa huiloweka kwenye maji ya moto kwa dakika 10, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba yangu, na nikimaliza naisuuza bombani na kuining'iniza kichwa chini. Je, tatizo ni maji, ni sabuni, au brashi yenyewe imefika mwisho? Jirani amenishauri niichemshe sufuriani, lakini nimeona niulize kwanza.

Msuuzaji

Ndugu wa Tanga, tafadhali usiichemshe. Nyuzi hizo ni nailoni au poliesta, na zikipata joto kali hupinda na kubaki hivyo, na gundi inayozishikilia ndani ya mpini inaweza kulegea. Maji ambayo mkono wako unayavumilia bila shida yanatosha kwa kila kazi utakayoifanya na brashi hiyo.

Kwa maelezo yako, brashi ni nzima, na kilichoganda shinani ni sabuni. Maji mengi ya visima yana kalisi na magnesi, na sabuni ya kunyolea inapokutana nayo hugeuka kuwa utando mweupe usioyeyuka majini. Ndiyo maana kusuuza bombani, hata kwa muda mrefu, hakuondoi kitu: maji yanapita juu ya utando na kuuacha palepale, na kila asubuhi unaongeza tabaka jingine. Utando huo unabakiza unyevu na mabaki ya ngozi katikati ya nyuzi, na hapo ndipo uvundo unapoanzia.

Anza kwa kuiosha na matone mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ukiizungusha taratibu kiganjani, kisha fungua nyuzi kwa vidole ili povu lifike kwenye shina. Isuuze. Changanya kijiko kimoja cha siki nyeupe na vijiko kumi vya maji ya uvuguvugu, tumbukiza nyuzi pekee bila mpini, na uiache kwa dakika tano huku ukiibonyezabonyeza. Ukiitoa utahisi nyuzi zina utelezi kama zimepakwa mafuta, na hapa wengi hudhani wameiharibu. Siki imeuvunja ule utando na kuyaachia mafuta yaliyokuwa ndani ya sabuni. Kwa hiyo ioshe tena kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu ukiishia kwenye siki utakuwa umeacha kazi nusu. Pete ikibaki, rudia kesho yake badala ya kuongeza ukali wa siki.

Kuhusu kuloweka, marehemu mzee alifanya sahihi kwa brashi yake, ambayo bila shaka ilikuwa ya nywele za mnyama. Nywele hunywa maji na kulainika. Nyuzi za sintetiki ni ndugu wa nyuzi za mswaki, ambazo zimetengenezwa kwa nailoni tangu mwaka 1938, na hakuna anayeloweka mswaki ili ulainike. Ichovye tu, uikamue kidogo na uende kwenye sabuni. Ukiingia ikiwa imejaa maji, povu lazima liwe jepesi, na huenda sehemu ya lalamiko lako inatoka hapo.

Kinyozi wa Mombasa

Naunga mkono aliyotangulia kusema Msuuzaji, na ningependa kuongeza machache kutoka kazini, kwa kuwa huu ni mwaka wangu wa 12 katika unyozi. Mahali ambapo siki haipatikani, ndimu hufanya kazi hiyohiyo, ila ichuje vizuri, kwa maana vinyuzi vya ndimu vikiingia shinani vitakusumbua kuliko ukoko wenyewe.

Tafadhali usitumie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani hudhoofisha nyuzi za nailoni. Spiriti nayo isiguse mpini wa plastiki angavu. Niliwahi kufuta mpini wa namna hiyo kwa spiriti kila jioni nikiamini ninafanya usafi, na baada ya wiki chache ukajaa nyufa ndogo kama za kioo kilichogongwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni brashi moja kupitishwa kwenye nyuso za wateja kumi bila kuoshwa. Vijipu vya ndevu na fangasi husafiri kwa njia hiyo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu huko Uingereza na Marekani, wakiwemo askari, waliugua kimeta kutokana na brashi za singa za farasi ambazo hazikutakaswa. Sintetiki haina hatari hiyo ya mnyama, lakini haijisafishi yenyewe. Mimi nina brashi sita. Iliyotumika huenda kuoshwa na haigusi uso mwingine mpaka ikauke kabisa. Wewe wa nyumbani, usimwazime mtu brashi yako, hata akiwa mwanao.

Bi. Saida

Mimi humnunulia mume wangu vifaa hivi na ndiye ninayevisafisha, kwa hiyo naomba nitofautiane kidogo kuhusu kuning'iniza. Nimejaribu njia zote mbili na sijaona tofauti, kwa sababu maji yaliyonaswa katikati ya nyuzi hayateremki kwa uzito wake, bali hutoka kwa kukung'utwa na kwa hewa. Kung'uta mara tatu kwa nguvu, pitisha nyuzi kwenye taulo kavu kushoto na kulia bila kuzisokota, kisha isimamishe kwa kitako mahali penye upepo. Kwa sisi wa pwani, bafu lenye mlango uliofungwa ndilo baya kuliko yote. Ya mume wangu hukaa dirishani chumbani, na kufikia adhuhuri imekauka.

Mkazi wa Tanga

Nawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu. Nimefuata utaratibu kwa siku mbili. Siku ya kwanza maji ya siki yaligeuka rangi ya maziwa, nikashtuka kwa wingi wa kilichotoka, na ule utelezi ulikuja kama nilivyoelezwa, nikauondoa kwa sabuni ya vyombo. Siku ya pili pete ilikuwa imebaki upande mmoja tu, nayo sasa imekwisha. Leo nimenyoa bila kuloweka, na povu limesimama mpaka mwisho. Swali langu la mwisho: zoezi hili la siki nilirudie baada ya muda gani?

Msuuzaji

Kwa maji ya kisima chako, mara moja kwa mwezi inatosha, na sabuni ya vyombo mara moja kwa wiki. Ukiweza, suuza ya mwisho kila asubuhi iwe kwa kikombe kimoja cha maji ya mvua. Hayo hayana chokaa, na pete itachelewa sana kurudi.