Tipeti iliyochomwa na jua dirishani mnatuuzia kama mpya, halafu mnasema hatujui kufunga fundo!

Wakuu, nimenyamaza wiki nzima, leo nasema na wenye maduka ya vifaa vya uvuvi kuhusu tipeti, ule uzi mwembamba wa mwisho unaofungwa kwenye nzi.

Naongoza wavuvi wa trauti kwenye mito ya upande wa Nyeri: Thego, Sagana, na Gura maji yakiruhusu. Jumamosi iliyopita nilikuwa Thego na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye wanawe walimwahidi safari hii tangu mwaka juzi. Asubuhi nzima hakupata kitu. Saa tano na nusu, nyuma ya jiwe kubwa, trauti akapanda akamchukua nzi wa kuelea (nzi wa bandia mwenye ndoana) wa saizi namba 14. Samaki wa kilo moja hivi, na anayevua mito hii anajua kwamba huyo ni mkubwa. Mwalimu alifanya kila kitu sawasawa: fimbo juu, mshipi akauachia uende, hakushindana naye. Tipeti ikakatika kama utando wa buibui. Samaki akaondoka na nzi mdomoni na kipande cha nailoni kikimfuata.

Mzee akanigeukia: "Nimekosea wapi, mwanangu?"

Hakukosea popote! Na ndiyo maana nina hasira.

Niliikagua pale pale mtoni. Fundo likiteleza, ncha hubaki imejisokota kama springi ya kalamu. Ikisuguliwa na jiwe, ukipitisha vidole unausikia mkwaruzo. Hii ilikatikia katikati, mbali na fundo, ncha imenyooka, safi. Nyumbani nikachukua mizani ya kuning'iniza mizigo nikaivuta mara sita. Kibandiko kinasema 5X (namba ya X ikipanda, uzi unakuwa mwembamba zaidi), milimita 0.15, kilo 2.1. Hakuna hata kipande kimoja kilichofika kilo moja. Fundo lilelile, mkono uleule, kwenye roli ya 5X niliyonunua kwingine, lilishika hadi kilo 1.8.

Nikarudi dukani na roli yangu mkononi. Duka silitaji, lakini mwenyewe akisoma hapa atajijua. Roli zimepangwa dirishani, upande unaopigwa na jua la mchana. Vibandiko vilivyokuwa vya kijani vimepauka hadi vinakaribia weupe. Nikauliza ziliingia lini. Jibu, mbele ya wateja wengine: "Hiyo ni plastiki, kaka, haiozi. Wewe ndiye hujui kufunga fundo."

Haiozi, sawa. Lakini inakufa! Mionzi ya jua inakatakata nailoni kwa ndani, na kwa macho huoni tofauti yoyote. Ile nyembamba ndiyo inayotangulia kufa. Shina la lida, yaani upande mnene wa uzi unaounganisha mshipi na tipeti, lenye nusu milimita linaweza kuvumilia, lakini tipeti ya milimita 0.15 haina nyama ya kujikinga. Na hapa tuko Ikweta, jua letu si la kubahatisha. Mkate una tarehe, maziwa yana tarehe, tipeti ya Sh1,500 haina. Mnunuzi atajuaje?

Tena msiniambie ningetumia 3X. Namba ya nzi gawa kwa 3: nzi wa 14 anakupeleka kwenye 5X, sikuchagua kwa kukisia. Mwezi wa pili maji ya Thego ni kioo, na ukimtupia trauti wa huko mshipi mnene anashuka zake chini, humwoni tena mpaka jioni.

Halafu badala ya kunirudishia pesa, akataka kuniuzia fluorokaboni, aina nyingine ya uzi wa plastiki, kwa bei mara tatu, "hii samaki haoni kabisa." Uongo huu umewala vijana wengi. Ni kweli haionekani sana kama nailoni, haisumbuliwi na jua namna ile na hainywi maji. Kwa nzi wa kuzama mimi mwenyewe naitumia. Lakini ni nzito na inazama. Kumfungia mtu anayevua kwa nzi wa kuelea ni kumvutia nzi wake chini ya maji. Kijana mmoja wa kwetu aliuziwa hiyo hiyo kwa nzi wa kuelea, akahangaika nayo msimu mzima akidhani mkono wake ni mbovu. Tulipoipima kwa maikromita ya fundi wa kuchonga vyuma, iliyoandikwa 5X ilisoma 0.18. Hiyo ni 4X! Hesabu ni rahisi: 11 toa namba ya X, jibu ni unene kwa elfu za inchi. Kila mtu aipime yake.

Na waongozaji wenzangu, nanyi msijifiche. Nawaona mnamfungia mgeni lida iliyokatwa vipande mpaka imefika kwenye unene wa katikati, mnaiita bado 5X. Nawaona mkiona fundo la upepo, lile linalojifunga lenyewe mkitupa mshipi, mnaliacha, na fundo moja la upepo linaweza kula nusu ya nguvu. Fundo mnalikaza kavu, bila hata mate, linajichoma lenyewe. Mimi roli zangu zinakaa kwenye kopo lisilopitisha mwanga, kila moja nimeandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na nailoni ikimaliza mwaka naiondoa. Naikatakata vipande vifupi kabla ya kuitupa, kwa sababu nimeshamkuta ndege akining'inia mtini, mguu umefungwa na tipeti ya mtu.

Tangu mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alipoleta trauti Gura mwaka 1905, wageni wa mito hii wanakuja na vifaa vyao begini. Wanaotegemea maduka ya hapa ni sisi wenyeji na watu kama mwalimu yule, ambao hawana wa kuwaletea kutoka ng'ambo. Ndio mnaowauzia maiti.

Jumatatu narudi pale na mizani yangu, nitaivuta mbele ya wateja wale wale. Nataka pesa yangu, na nataka roli zitoke dirishani. Mwenye tipeti aliyonunua mwaka huu, avute mara tatu aandike hapa: namba ya X, kilo zilizoandikwa, na kilo ilizokatikia.